Nishikie

1

Mbelwa aliuacha mkono wangu unaning'inia.

Nilikuwa nimevua viatu, nimepita kando ya mkeka wa wanaume nimeinama, na wazee wakanipisha kwa sababu wananijua. Miaka thelathini na nne nimefanya kazi na watu wa nyumba hizi kwenye kiwanda cha singa za mkonge. Nikanyoosha mkono.

"Pole, baba. Kazi ya Mungu haina makosa."

Akautazama ule mkono kama unavyotazama kitu chako ulichomwazima mtu akakirudisha kimevunjika.

"Umekuja kufanya nini, Mama Hiza?"

"Nimekuja kuhani."

"Ungekuja jana. Jana ndiyo nilikuwa nakutaka."

Mjomba wake akakohoa. "Mbelwa. Huyo ni mtu mzima."

"Najua ni mtu mzima, mjomba. Ndiyo maana nilimsikiliza."

Kisha akayaeleza mbele ya mkeka mzima, polepole, bila kupaza sauti, na afadhali angepiga kelele. Kwamba jana saa tatu asubuhi alikuwa kwenye mashine ya kuchana namba saba. Kwamba nilimwambia sikioni nyumbani wamepiga simu, mama amezidiwa. Akaniuliza aondoke? Nami, Siwema Shemdoe, nikamjibu: wazee huzidiwa asubuhi, jioni wakaamka wakadai uji. Malizia zamu, Mbelwa baba. Mama atakusubiri. Nitakusindikiza mwenyewe.

Saa nne mama yake akakata roho akimwulizia. Ndugu walipiga simu kiwandani mara tatu, na mara zote tatu wakajibiwa kwamba yuko njiani. Walimsubiri mpaka alasiri, joto la Februari likawashinda. Mbelwa alipofika saa kumi na mbili alikuta watu wananawa udongo wa kaburi.

"Sikukwambia maneno hayo," nikasema.

"Basi nimejiambia mwenyewe."

"Jana saa tatu nilikuwa juu, naandika barua ya magodoro ya zahanati. Sikushika kipaza sauti tangu wito wa asubuhi. Haki ya Mungu."

"Uliniita Mbelwa baba." Kwa mara ya kwanza sauti yake ikakwaruza. "Nani mwingine kiwanda kizima ananiita Mbelwa baba?"

Hakuna mwingine. Hapo nikaelewa kwamba sauti aliyoisikia ilikuwa yangu, ila si mimi niliyesema. Mama mmoja wa kiwandani kwetu aliyekuwa akisaidia jikoni akanishika kiwiko, akanitoa kama anayemtoa mgonjwa, na kule nyuma kwenye masufuria akaniambia kwa upole, akidhani ananifariji:

"Nawe pumzika, dada. Kutwa kucha unatuongelesha masikioni. Sisi huwa tunaulizana, hivi Mama Hiza hachoki?"

2

Wenye kiwanda hawajawahi kuipenda kumbukumbu yangu. Basi ngoja nikumbuke kwa mpangilio.

Kabla ya haya yote banda letu lilikuwa na kelele ya kuua. Mashine arobaini za kuchana singa, roli zinazozunguka zenye meno ya chuma, na mkonge unapita katikati kuwa nyuzi za kutengenezea bodi za magari ya umeme. Ukimwita mtu aliye hatua mbili, hasikii. Kwa hiyo bibi zetu walioanza kazi pale walibuni viganja, lugha ya mikono. Ngumi kifuani, nakwambia kweli. Kiganja kinachopepea, msimamizi anakuja. Mkono kichwani, kuna msiba. Mgeni akiingia anaona watu wanajikuna tu.

Na alama kubwa kuliko zote ilikuwa nishikie. Unamtazama mwenzako, unagusa kifundo chako cha mkono kwa vidole viwili. Maana yake, simamia mashine yangu na yako, mimi nina jambo. Nishikie ilikuwa na sheria mbili. Hukatai. Huulizi jambo gani. Mtu alikwenda kuzaa, mwingine alikwenda kulia chooni, mwingine kumwona hawara, na singa ilipita kwenye meno kama kawaida. Hakuna meneja aliyewahi kuiona kwenye hesabu zake. Walichoona ni kwamba kiwanda chetu, chakavu kuliko vyote, hakisimami, na vile vipya vyenye vioo vinasimama kila wiki. Ikawauma kutojua sababu.

Wakaleta watafiti. Watatu wa mwanzo tuliwajaza uongo mpaka wakaondoka wanatushukuru.

Wa nne alikuwa Dakta Eliwaza Mshana.

Eliwaza hakuwa mtu wa kuja. Mama yake, Namkunda, alikuwa jirani yangu wa mashine kwa miaka kumi na moja. Mtoto huyo alikulia kwenye magunia ya singa, akanyonya pale, akajifunza viganja kabla hajajua kusema "maji". Namkunda alipokaribia kufariki aliniita mimi, akaniachia mtoto. Aliyempeleka Eliwaza bweni na sanduku kichwani ni mimi. Siku aliyorudi na udaktari wake wa menejimenti alisimama mlangoni mwa banda, hakuninyooshea mkono wa kizungu. Aliweka ngumi kifuani. Nakwambia kweli. Banda zima likalia.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo wengine wasingelifanya. Tuliamini kwamba anayejua viganja hawezi kutuuza.

"Mama mdogo," aliniambia, "nataka dunia ijue mnavyofanya. Ukivaa wewe, watavaa wote."

Alimaanisha njugu. Ni kidude kidogo mithili ya punje ya karanga, unakitia sikioni, kinazuia kelele na kupitisha maneno. Kinasikia pumzi yako na mapigo ya moyo. Kinajua mkono wako uko umbali gani na meno, na kinapiga kengele kabla hujaumia. Nikavaa. Wakavaa watu mia tatu. Miaka miwili tukanenana sikioni, tukafurahi kusikiana, na viganja vikaanza kufa bila mtu kuvizika.

Ripoti ilipotoka niliisoma mwenyewe, kwa kamusi, wiki tatu. Mimi niliishia darasa la saba, ila karatasi ya mwajiri sijawahi kusomewa. Ilisema mafanikio ya kiwanda hayatoki kwenye mashine wala kwenye usimamizi, yanatoka kwenye kuaminiana. Agizo la msimamizi, mfanyakazi hulitekeleza baada ya sekunde tisa, tena kwa kinyongo. La mtu anayemwamini, sekunde moja na nusu. Waliita hicho uzito wa sauti. Uzito mkubwa kuliko wote bandani ulikuwa wa "mfanyakazi S". Nilijitambua, nikacheka. Nilijivuna, niseme ukweli.

Baada ya ripoti akaja Mratibu. Huyu si mtu. Ni akili ya kompyuta inayopanga zamu, inapokea simu za nyumbani maana simu zetu zinabaki getini, na inatoa ruhusa. Anayetaka kutoka anaiomba njugu. Nami nikapandishwa ghorofani, nikaitwa Mlezi wa Ustawi. Kazi yangu kubwa ni wito. Kila asubuhi, dakika tano, kwenye kipaza sauti, namwita kila mmoja kwa jina analolipenda na kumuuliza hali, kama nilivyokuwa nikifanya mlangoni zamani. Eliwaza aliomba wito urekodiwe, mila isipotee.

Huko juu hatuvai njugu. Nilidhani wito ukiisha, zinabaki kengele za hatari tu. Watu wa chini walidhani ninawaongelesha kutwa. Walinisifu ngazini, "tunakusikia, mama," nikaitikia sifa nikidhani ni za zile dakika tano.

3

"Nisikilizishe," nilimwambia Eliwaza.

Alikuwa kwenye chumba chake cha kioo, banda lote linaonekana chini yake. Hakuuliza nini. Alifunga mlango, akagusa skrini, nami nikajisikia nikisema: Malizia zamu, Mbelwa baba. Mama atakusubiri.

Ilikuwa mimi. Hata ile pumzi fupi ninayovuta kabla ya jina la mtu, ilikuwepo.

"Nani aliyempa maneno hayo?"

"Hakupewa. Amejifunza kwako, kwenye miaka yote miwili. Anajua ungesema nini."

"Mimi ningesema nenda."

Akaizima skrini.

"Eliwaza. Mimi ningesema nini?"

"Ungesema nenda," akakubali. "Lakini jana watu sita walikuwa wagonjwa na kulikuwa na mzigo wa kusafirishwa. Mratibu hupima. Aliona ukisema wewe, Mbelwa atabaki. Amekosea, mama mdogo. Yule mama alitakiwa kuishi mpaka jioni. Vipimo vya zahanati vilionyesha hivyo."

"Na zile simu tatu za kusema yuko njiani? Nazo ni vipimo?"

"Hilo nitalirekebisha. Mzazi akizidiwa, mtu aachiwe moja kwa moja. Leo hii naandika."

"Na mtoto akizidiwa?"

"Na mtoto."

"Na mtu aliyeamka tu moyo wake haupo?"

"Huwezi kuandika kanuni ya hilo."

"Sisi tulikuwa nayo," nikasema, nikagusa kifundo changu kwa vidole viwili.

Akageuza uso kutazama banda. Nikamwambia naiondoa sauti yangu, izimwe leo. Akafungua karatasi kwenye skrini, akanionyesha saini yangu chini. Nimetoa sauti "na kila kitakachozaliwa nayo". Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo. Kamusi yangu ikanielewesha kwamba ni habari ya kanda za wito.

"Kwa hiyo umeniuza."

"Usiseme hivyo."

"Nilikupeleka shule na sanduku kichwani. Niambie neno lingine, maana wewe ndiye msomi."

"Haya, nikwambie." Aligeuka, na macho yake yalikuwa ya Namkunda siku za hasira. "Miezi kumi na moja sasa hajakatwa mtu pale chini. Hata mmoja. Kabla ya hapo ilikuwa vidole vinne kwa mwaka, mkono mzima kila baada ya miaka miwili. Unajua kwa nini? Kengele peke yake haikutosha. Watu walisikia kengele wakaendelea kuchokoa singa. Tulipoweka sauti yako, 'toa mkono, mwanangu', wakatoa. Sekunde moja na nusu. Kidole kinakatwa kwa sekunde mbili."

Ilikuwa kweli, nilikuwa nazo takwimu hizo kwenye kabati langu.

"Wewe unakumbuka kila kitu," akaendelea. "Kila meneja, kila mgomo, kila aliyefukuzwa na tarehe yake. Mbona hujawahi kunisimulia siku mama alipokatwa?"

"Ulikuwa mdogo."

"Nilikuwa na miaka sita, nimekaa juu ya magunia. Alikuwa na mashine mbili siku ile. Yake na namba saba. Alikuwa anakimbia kutoka hii kwenda ile. Alikuwa amemshikia nani?"

Kumbukumbu yangu ndefu ina shimo, nami ndiye niliyelichimba. Siku ile nilimgusia Namkunda kifundo. Sikuwa nakwenda kuzaa wala kuzika. Nilikuwa nakwenda getini kuwahutubia watu wa zamu ya mchana juu ya haki zao, nikapanda juu ya pipa, nikapigiwa makofi. Niliporudi, meno ya namba saba, mashine yangu, yalikuwa mekundu, na Namkunda ameketi chini ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga. Hakuniuliza nilikokwenda. Sheria ilimkataza.

"Alikushikia wewe," Eliwaza akasema. "Wewe unaiona nishikie kama sala. Mimi nimeiona ikimla mama yangu. Nilitaka ishike mashine, isishike watu. Zima sauti basi, kama utapata njia. Kidole cha kwanza kikianguka, utakiokota wewe?"

Nikatoka. Ngazini niliketi, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, nikiyapima yale mawili. Sauti yangu inaokoa vidole. Sauti hiyohiyo imemnyang'anya mtu mama yake, na kesho itamnyang'anya mwingine kitu kisicho na kipimo, na watamshukuru Mama Hiza. Kama ingekuwa sauti ya mashine wangebishana nayo. Walitii kwa sababu ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kuwadanganya. Namkunda alikatwa, ndiyo, lakini alijua anamshikia nani. Mbelwa alidhani anajua.

4

Siku ya nne matanga yalikuwa yameanuliwa na Mbelwa alikuwa amerudi namba saba.

Asubuhi hiyo nilikaa kwenye kipaza sauti cha wito na sikuita majina. Nilisema, "Ndugu zangu, sauti inayowajia baada ya wito si yangu. Ni ya Mratibu. Aliyemzuia Mbelwa si mimi. Msiiamini, hata ikiwaita kwa majina yenu." Nikarudia. Taa ya kipaza sauti ilikuwa kijani. Nikasimama dirishani niwaone wanavyopokea.

Banda zima lilikuwa linacheka. Wanawake wa safu ya pili walikuwa wameshika mbavu.

Sikuwa nimetania. Masikioni mwao yalikuwa yamefika maneno mengine.

Nilishuka ngazi nikiwa nimeshikilia ukuta. Mlango wa banda ulipofunguka kelele ikanipiga kifuani, miaka minne sikuwa nimeisikia bila njugu. Nikasimama kwenye njia ya katikati wanapopita wenye matoroli, nikainua mikono. Ilikuwa mizito, vidole vimesahau. Ngumi kifuani: nakwambia kweli. Kidole mdomoni, kiganja kikikata hewa: sauti si yangu.

Wakanitazama. Mmoja, wawili, kumi. Halafu, kama kuku waliosikia mlio wa mahindi, wote wakainamisha shingo upande wa sikio, wakasikiliza, na nyuso zao zikajaa huruma. Yule mama aliyenitoa msibani akafuta mikono kwenye aproni, akanijibu kwa viganja, taratibu, kama anayemwongelesha mtoto: *unatuambia una homa. Unatuambia ukishuka tusikutilie maanani, tukurudishe juu.*

*Nani anawaambia?*

*Wewe.*

Nilirudia ngumi kifuani mpaka pakauma. Wengine walikuwa wameshageukia singa zao. Juu, nyuma ya kioo, Eliwaza alikuwa amesimama. Hakuashiria chochote.

Nikaenda namba saba. Mbelwa alikuwa ananiona tangu mlangoni, alikuwa anafanya kazi ya kutonitazama. Nikasimama upande wa pili wa roli, pale pale Namkunda alipokuwa akisimama, nikamwambia kwa mikono yote niliyokuwa nayo. *Sikukuzuia. Ningesema nenda.* Akaacha kulisha mashine. Alitazama mikono yangu, halafu akatazama mahali pasipo na kitu, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Njugu ilikuwa inamwambia jambo juu yangu, kwa sauti yangu, na ilikuwa inamwita baba.

Akaichomoa. Akaifuta kwenye ovaroli. Akanitilia kiganjani, akakunja vidole vyangu juu yake, bila upole na bila ukali, kama anayerudisha ufunguo.

Nikaitia sikioni.

Kelele ikafa. Katika ukimya ule, karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisogelea, nikasikia ile pumzi fupi, kisha: "Siwema mwanangu. Umechoka. Umewabeba hawa watu miaka mingi, nani amewahi kukubeba wewe? Panda juu ukajilaze kidogo. Mimi nipo hapa nao."

Hakuna mtu aliyeniita mwanangu tangu mama yangu azikwe. Nilijua ni nini. Nilijua imetengenezwaje na nani na kwa saini gani. Na mguu wangu wa kulia, Mungu ni shahidi, uligeuka kuelekea ngazini.

Mbelwa aliuona.

Aliutazama mguu wangu, akapandisha macho usoni, na kwa mara ya kwanza tangu msibani alinitazama kama mtu anayemtazama mtu. Hakunipa mkono. Aliinua kidole, akanielekezea sikio, halafu akajielekezea la kwake lililokuwa tupu: *umesikia?*

Nikachomoa njugu. *Nimesikia.*

Tukasimama pale, roli inazunguka bila kitu. Kisha akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake.

Nilipiga hesabu pale. Miaka miwili sijagusa singa. Macho yangu si yale. Njugu yake kiganjani mwangu ingenionya, kwa sekunde moja na nusu, kwa sauti nisiyoweza kuikatalia. Nikaidondosha kwenye mfuko wa ovaroli yake, nikafunga kifungo.

Nikaingia mahali pake. Yeye akavuka njia ya katikati bila haraka, na nikaona safu ya pili wanasimamisha mikono kumtazama mtu anayetoka bila kuomba. Mama wa msibani akawa wa kwanza kupeleka mkono sikioni. Hakuchomoa bado. Aliuweka tu pale.

Mbelwa akatoka nje kwenye jua. Sikuuliza anakwenda wapi. Nikageukia meno ya namba saba, nikaanza kulisha singa kwa vidole vyangu kumi.